Dawa Inayotaka Baridi

Somo la seli nalifundisha kwa Kiswahili, ingawa shule inataka Kiingereza. Mkuu wa shule akipita dirishani natupia sentensi mbili za Kiingereza mpaka apotee, kisha tunaendelea kuelewana. Kwenye kongosho, nawaambia wanafunzi, kuna seli zinazokaa jirani lakini kila moja ina mlango wake. Hizi hutengeneza maji ya kusaga chakula, huyafunga kwenye vifuko vidogo sana na kuvisukuma upande wa mfereji uendao kwenye utumbo. Zile hutengeneza insulini, nazo vifuko vyao huvipeleka upande wa damu. Vinasubiri pale ukutani. Sukari ikipanda, vinafunguka na kumwaga. Wapakiaji wa Makambako huweza kutia mzigo wa Songea kwenye lori la Mbeya. Seli haifanyi mchezo huo.

Hayo nayajua vizuri. Lakini mwanangu Noela, wa miaka kumi na mmoja, seli zake za insulini zilikwisha kufa, na kujua kwangu hakukumfaa kitu. Kilichomweka hai ni sindano, asubuhi na jioni.

Zamani tuliitegemea hospitali, na mara nyingi hospitali ilikuwa haina. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara ya dawa, Abdulatif, mwenye malori pale Makambako, akafungua duka la dawa. Alileta insulini kutoka Dar kwa sababu mkewe, Somoe, naye ana ugonjwa wa sukari. Chupa zetu nilizihifadhi stoo, kwenye chungu chenye mchanga mbichi.

Juni ile niliitwa mjini Njombe kusahihisha mitihani. Mume wangu Silvesta alibaki kumchoma mtoto sindano, na mama yake, Mama Tereza, akaja kutoka Kichiwa kutusaidia kazi za nyumba. Nilimwambia jambo moja tu kuhusu dawa: inataka baridi.

Niliporudi nilimkuta Noela amelala mchana, midomo imekauka, anahema kama aliyepanda mlima, na pumzi yake inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Silvesta aliapa hakuruka sindano hata moja, nami nilimwamini. Nikaiinua chupa kwenye mwanga. Dawa ilikuwa safi, haina dosari.

"Mama, dawa mlikuwa mnaiweka wapi?"

Mama Tereza alifurahi kuulizwa. "Stoo kuna joto, mwanangu, jiko liko ukutani pale. Kila jioni nilikuwa naitoa nje yote, naiweka kwenye majani. Asubuhi naikuta imekuwa jiwe, naiyeyusha kiganjani kabla Silvesta hajaamka! Baridi kama hii yetu, huko Dar wangeipata wapi?"

Sakitu, umande ulioganda. Mwezi wa sita kwetu majani huamka meupe na mboga huungua kama zimemwagiwa maji ya moto. Insulini ikiganda imekwisha. Ikiyeyuka utaiona nzima, kumbe unamchoma mtoto maji. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikambeba Noela, tukamkimbiza hospitali, na Mama Tereza akatufuata.

Hospitali walimtundikia maji ya chumvi, lakini insulini hawakuwa nayo. Nilimwacha na baba yake, nikadandia lori la mbao kwenda Makambako, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama mkwe. Yalikuwa maneno mabaya, na niliyapenda.

Abdulatif aliponisikiliza alikaa kwenye benchi la duka. "Mwalimu, sina. Gari la dawa limeharibika kwenye mlima wa Kitonga, na sijui litapona lini. Iliyobaki ni ya Somoe."

Somoe alikuwa kwenye mlango wa nyuma, amesikia yote. Aliingia ndani, akarudi na chupa ameifunga kwenye kipande cha kanga. "Chukua, dada. Mimi mtu mzima, nitajizuia kula mpaka gari lije. Mtoto hawezi kungoja."

Adabu ilinitaka nikatae walau mara moja. Sikukataa. Nililia mbele ya wateja, na Abdulatif akanirudisha mwenyewe kwa pikapu yake.

Noela alichomwa. Kesho yake mchana akafumbua macho, akaomba uji. Nikatoka nje kupumua, nikamkuta Mama Tereza kwenye benchi, amejifunika shuka, hajatia kitu mdomoni tangu tulipofika.

"Silvesta hataki kuniambia," alisema. "Ni mimi?"

Maneno yangu yote ya njiani yalikuwepo, hakuna hata moja lililopotea. Nilimtazama mwanamke huyu aliyekuwa akiamka alfajiri, pekupeku kwenye sakitu, kuokota dawa ya mjukuu wake.

"Ni wewe, mama."

Alisimama, akachukua mfuko wake. "Basi narudi Kichiwa. Nisiguse tena kitu cha mtoto."

"Huendi popote. Jioni hii utamchoma sindano wewe. Mimi nitakuelekeza."

"Mikono yangu inatetemeka, Mama Noela."

"Hata yangu," nikasema, nikamshika tukaingia wodini.