Kilo za Fundi wa Matangi

Saa moja na robo asubuhi, kabla kengele ya kiwanda haijalia, fundi wa kuchomelea alipanda juu ya mzani wa vyuma chakavu pale getini. Mshale ukasimama kwenye kilo ishirini na tatu. Mlinzi akaandika daftarini, chini ya ishirini na sita za jana.

"Unazidi kupukutika, mzee."

"Kibali kimekwisha tangu mwezi juzi. Ulitaka ninenepe?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa wageni wote waliodhaminiwa na kiwanda kile. Kibali kikiwa hai, mtu alikuwa na uzito wake kamili. Wa fundi ulikuwa kilo sabini na moja. Kikiisha, uzito ulianza kumtoka kidogo kidogo mpaka mhuri mpya ugongwe. Daktari wa kiwanda aliwapa dawa ya minyoo, basi.

Ombi la kibali hupelekwa na mwajiri, si na mwenye shida. Kwanza mwajiri aitangaze kazi kwa wenyeji siku kumi na nne, ionekane kama yupo anayeiweza. Kazi ya fundi ilitangazwa kwa karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la mafagio, na hakuna aliyejitokeza. Ombi likaenda. Uhamiaji wakarudisha swali moja tu: je, kiwanda bado kinamhitaji mtu huyu? Jibu lake ni mstari mmoja na sahihi ya meneja. Karatasi ilikuwa na wiki ya sita mezani kwa meneja, chini ya kikombe chake cha chai.

Ombi likiwa njiani, fundi aliruhusiwa kufanya kazi, hakuruhusiwa kuvuka mpaka. Akivuka, faili linafungwa. Mkewe aliugua ombi likiwa njiani, akafa ombi likiwa njiani, akazikwa, na ombi bado liko njiani. Wenye mihuri yao, hao, hawajawahi kuchelewa mazishini kwao.

"Baba," binti yake alimwambia kwenye simu, "mvua zimelilaza kaburi. Zikija hizi nyingine sitajua lipi ni la mama."

Basi akatengeneza alama ya kaburi kwa mabaki ya bamba la tangi. Jina la marehemu alilichomelea herufi moja moja. Mbili alizikosea, akazisaga, akaanza upya. Kilo tisa. Alikusudia kuipeleka kwa mikono yake. Kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kwenda, na wiki iliyofuata uzito wake ulikwisha kabisa, aliivaa kifuani chini ya koti, nayo ikamsaidia kukanyaga chini.

Saa za kazi aliivua, akaifunga kwenye ncha ya kamba kama nanga, akapanda. Huko juu, karibu na dari, kelele za nyundo zilimfikia zimelainika, kana kwamba watu wanagonga ndani ya maji. Cheche zake zilishuka polepole, zikitua mabegani mwa watu bila kumchoma mtu. Alichomelea vifuniko vya matangi bila jukwaa. Meneja alipoona hivyo, aliuza jukwaa.

Siku moja fundi alijivuta kwa kushika kuta mpaka ofisini.

"Bosi, ni mstari mmoja tu."

"Nitasaini, fundi wangu. Tangi la nne likiisha."

Tangi la nne likaisha. Alhamisi ile shemeji yake, kaka wa marehemu, aliyekuwa fundi umeme palepale, alikuja amebeba begi.

"Shemeji, mimi hawaniombei tena. Kesho kibali kinakufa, na ndege ni leo jioni. Nikufikishie nini nyumbani?"

Fundi akafungua vifungo vya koti, akampa ile alama. Shemeji akaipima mkononi, akasoma jina.

"Na wewe kitakushika nini?"

"Dada yako amengoja vya kutosha."

"Ukipaa je?"

"Dari ipo."

"Haya. Ila usiende kumtangulia meneja mbinguni, utaambiwa usubiri mdhamini."

Wakacheka, wakashikana mikono. Mikono ilipoachana, fundi alikwenda juu taratibu kama mvuke wa chai, mgongo ukagusa bati.

Jumapili binti alipiga simu. Fundi aliipokea hukohuko darini.

"Imefika, baba. Imesimama. Lakini ulitia nini humo? Mjomba aliibeba kwa mkono mmoja mpaka makaburini. Alipoiweka tu juu ya mama, haikuinuka tena. Tulipotaka kuisogeza ikae sawa, watu wanne walihangaika nayo. Wakaleta mzani wa mazao. Kilo sabini na moja."

"Haipepesuki?"

"Haitikisiki."

"Mwache mama yako alale," fundi alisema, akakata simu.

Jumatatu meneja aliingia karakana, chai mkononi, na ile karatasi chini ya kikombe kama kisahani. Akainua uso.

"Uhamiaji bado wanauliza kama tunakuhitaji!" alisema, akicheka. "Nitawajibu, usiwe na wasiwasi. Sasa ukiwa huko huko juu, hebu nitazamie mshono wa tangi la tano."

Fundi alitazama. Mshono ulikuwa unavuja. Akashusha kioo usoni, akaomba arushiwe waya.