Kioo cha Ndani

Bi Mahfudha alipofika Upper Marlboro, macho yake yalikuwa yamekwishazima. Presha ya macho ilimla taratibu akiwa kwao Kikwajuni, Zanzibar, na dada yake aliyekuwa akimshika mkono alipofariki, hakubaki mtu wa kumpikia wala wa kumwongoza. Mtoto wake wa pekee, Salme, alikuwa Marekani na mumewe Badawi. Ikabidi apandishwe ndege, na vyumba alivyokuwa amepanga vikaingiwa na watu wengine. Huo ulikuwa mwaka 1983. Hakukuwa na mahali pa kumrudisha tena.

Salme na Badawi walikuwa na nyumba ya mbao, kuukuu, kandokando ya barabara inayopanda kwenda mahakama ya kaunti. Badawi alikuwa karani katika ofisi za kaunti na alikwenda kazini kwa miguu. Salme aliendesha gari hadi Bowie, alikokuwa akiwatunza wazee majumbani mwao. Mungu hakuwa amewajaalia watoto.

Madirisha ya nyumba ile yalikuwa ya kizamani, ya vipande viwili vinavyopanda na kushuka, kila kipande kimening'inia kwa kamba iliyofungwa chuma kizito ndani ya ukuta. Kamba nyingi zilikuwa zimekatika, na ukitaka dirisha likae wazi ulilitegemeza kwa kipande cha ubao. Badawi aliyapenda. Vioo vyake vilikuwa na mawimbi, na alisema hakuna kiwanda kinachotengeneza vioo kama vile siku hizi. Lakini mbao zilikuwa zimesinyaa, na kati ya mbao na fremu upepo ulipita utakavyo.

Bi Mahfudha alipewa chumba cha mbele. Kiti chake kiliwekwa karibu na dirisha kwa kuwa ndipo jua lilipoingia, na hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Kumbe watu wenye kesi waliegesha magari yao kiwanjani chini, wakapita hapo hapo chini ya dirisha kwa miguu, asubuhi wakipanda, mchana wakishuka. Bi Mahfudha hakujua Kiingereza, lakini baada ya miezi michache aliwajua watu. Aliwajua kwa viatu, kwa kukohoa, kwa namna mtu anavyocheka akiwa na hofu. Mawakili walitembea haraka na kuzungumza polepole. Wenye kesi walitembea polepole na kuzungumza haraka. Salme akirudi jioni na kumpa shikamoo, habari zilikuwa tayari.

"Yule kijana wa viatu vinavyolia karudi leo," mama angesema. "Kaja na mama yake. Mama hakusema neno kwenda wala kurudi."

Badawi aliposikia habari hizo alicheka, halafu siku moja akauliza ofisini, akaambiwa kuwa ndiyo, kijana mmoja alihukumiwa siku ile na mama yake alikuwepo. Tangu hapo hakucheka tena. Wakati wa chakula ikawa desturi kumsikiliza mama mkwe kama watu wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Baridi ya kwanza ilimshika kifua. Badawi alijaza magazeti kwenye nyufa, akabandika utepe. Baridi ya pili wakanunua karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa kwenye fremu na kukazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Ilikaza vizuri, ikaonekana kama kioo, lakini upepo ulipovuma ilivimba na kunywea kama shavu la mtu anayepumua, na kabla ya Januari kuisha pembe zilikuwa zimebanduka. Mwezi huo Bi Mahfudha alilazwa kwa homa ya mapafu. Alipotoka, daktari alimweka Salme pembeni, akamwambia kuwa mapafu ya mama yamechoka na kwamba chumba chake lazima kiwe na joto, kwani hadhani atavumilia ugonjwa kama ule mara nyingine.

Ndipo wakamwita Ndirangu. Alikuwa Mkenya, mtu wa Nyeri, aliyekuja kusoma, akaacha masomo na kuingia kazi ya kukarabati nyumba za zamani huko na huko Maryland. Alikuja Jumamosi moja ya Oktoba, akalisukuma dirisha juu na chini, akapitisha kiganja kwenye nyufa.

"Mzee, hizi window si mbaya," alimwambia Badawi. "Shida ni draft tu, huu upepo unaopita."

Akawaeleza njia zilizopo. Kuna vioo vya fremu za alumini vinavyowekwa kwa nje, lakini mbao za nje zilikuwa zimeoza kwa mvua na skrubu zisingeshika. Kuna kung'oa kila kitu na kuweka madirisha mapya, jambo ambalo Badawi hakutaka kulisikia, na hata angetaka, uwezo haukuwepo. Iliyobaki ni kuweka kioo cha pili kwa ndani na kuacha nafasi katikati ili baridi ikwame hapo. Hicho kinaweza kuwa cha plastiki ngumu kinachoshikwa kwa sumaku, ukitaka unakibandua, au kinaweza kuwa kioo hasa, kizito, kwenye fremu yake ya mbao, kikakazwa kwa skrubu na mpira pande zote. Kioo kizito ndicho bora, alisema.

"Na tena hii barabara hamtaisikia," aliongeza. "Ni kama hakuna road hapo nje."

Bi Mahfudha alikuwa amekaa kitini pake, mikono mapajani. "Haitasikika vipi?" aliuliza.

Badawi alikuwa ameshika ncha ya futi na Ndirangu anasoma vipimo.

Kioo kiliwekwa kabla ya baridi kuanza. Siku ya kwanza ya upepo mkali Salme alisimama mbele ya dirisha akaweka mkono kwenye pazia. Pazia halikutikisika. Chumba kilikuwa na joto kama jiko la mkate. Alikwenda jikoni, akakaa, akalia kidogo kwa shukrani.

Siku chache baadaye mama yake alimuuliza kama leo ni sikukuu.

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Mbona hapana watu."

Salme akamweleza kuwa watu wapo, ila kioo ni kinene. Bi Mahfudha akaitikia, "Aa."

Kumbe ule mlio wa barabarani ndio uliokuwa saa yake. Bila huo hakujua asubuhi ni ipi na mchana ni upi. Badawi alipokuja na chakula adhuhuri alimkuta ameshasali alasiri. Siku nyingine alimkuta bado anangoja jua lichomoze. Walimnunulia redio, lakini ilisema Kiingereza kitupu, tena cha watu asiowaona wakipita. Salme akaomba kaseti za visomo na za nyimbo za kwao kwa Wazanzibari wenzao wa Washington. Bi Mahfudha alizisikiliza kwa adabu, halafu akaomba zizimwe. Alisema watu wa kwenye kaseti hawana habari mpya.

Akaanza kula kidogo. Wakati wa chakula cha jioni palikuwa na milio ya vijiko tu. Salme alimwambia mumewe kuwa mama anakwisha. Badawi alimjibu kwa upole kwamba mtu huzoea, kwamba kifua kimetulia, hakohoi, na kwamba hilo ndilo walilomwomba Mungu. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemwona mama mkwe wake hospitalini na mirija puani, na hakutaka kuyaona tena.

Jumapili moja mchana Salme alikuwa akimsuka mama yake, wakiwa wamekaa chini kwenye zulia.

"Nikwambie kitu, usikasirike," mama alisema.

"Sema, mama."

"Mimi hapa sipo. Nikilala sipo, nikiamka sipo. Baridi ilikuwa ikiniuma, lakini nilijua inamuuma nani."

Salme aliendelea kusuka mpaka mwisho wa tuta lile. Kesho yake alimpigia simu Ndirangu.

Ndirangu hakulalamika. Alikiondoa kioo kizito, akakiweka kwenye banda la nyuma, na mahali pake akaweka kile cha plastiki chenye sumaku. Sauti zilipenya kidogo, kama za watu walio chumba cha pili, na saa za jua kali Badawi alipokuja na chakula angeweza kukibandua, akakirudisha kabla ya kurudi kazini. Haikuwa kama zamani. Lakini mwishoni mwa wiki ya kwanza Bi Mahfudha alipokuwa akila alisimamisha kijiko.

"Kuna mwanamke ana kesi," alisema. "Anaburuta mguu mmoja. Anakuja peke yake, na kila akishuka anasimama hapa chini ya dirisha anajifuta pua. Nadhani wamemchukulia mtoto."

Salme alimuuliza amejuaje habari ya mtoto. Mama alisema alimsikia akiliita jina lile lile kila mara, kwa sauti ya kumwita mtoto, na hakuna aliyemwitika.

Januari yote walimfuata mwanamke yule. Badawi hakuthubutu kuuliza ofisini, maana kesi za watoto ni za siri, lakini naye alikuwa akingoja habari. Bi Mahfudha alikula. Alimaliza sahani.

Asubuhi moja ya Februari, Salme akiwa amevaa koti tayari kwenda Bowie, mama yake alimwomba akibandue kile cha plastiki. Alisema jana mwanamke alikuwa na wakili, na wakili alisema neno "tomorrow" mara nyingi, na neno hilo alilijua. Leo itakatwa hukumu. Salme alitazama nje. Jua lilikuwa limetoka, theluji ikichuruzika kutoka paani. Alimfunika blanketi mbili, akambandulia, akamwambia kuwa Badawi atakirudisha akija adhuhuri. Badawi alikuwa ameshatoka. Salme alipiga simu ofisini kwake akaacha maagizo.

Maagizo hayakumfikia. Siku ile ofisi ilipata ugeni kutoka serikali ya jimbo, Badawi hakuruhusiwa kutoka, naye alijua mama mkwe wake ana mkate na chai ya chupa na chumba chenye joto. Mchana upepo ukageuka, jua likafichwa, na baridi ikashuka ghafla. Alipofungua mlango jioni alikuta pazia linapepea. Bi Mahfudha alikuwa kitini, blanketi zimemwanguka miguuni, vidole vyake vimekufa ganzi.

"Kampata," alimwambia Badawi. Meno yake yaligongana. "Kashuka naye. Mtoto anaongea hanyamazi."

Badawi alimbeba mpaka kitandani. Salme alipofika aliwakuta hivyo, mume wake amepiga magoti anamsugua mama miguu, naye hakugeuka kumtazama.

Homa ilianza siku ya pili. Alikaa hospitalini muda mrefu, na daktari alikuwa amekosea, alivumilia. Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule. Alikuwa amepungua mpaka Salme alimwinua peke yake bila taabu, na maneno yake yalikuwa yamebaki yale ya haja tu: maji, choo, inatosha. Kabla hajarudishwa, Badawi alimwita Ndirangu akikaze tena kioo kizito. Salme alisimama mlangoni akitazama skrubu zikiingia mbaoni moja baada ya nyingine. Badawi hakuwahi kumlaumu. Hata siku moja hakulitaja jambo lile, na Salme angependelea atukanwe.

Aliingoja Aprili. Alijiambia kuwa hali ya hewa ikitengemaa kioo kitatoka, mama atarudi barabarani kwake, na mambo yatakwenda. Miti ilipochanua, Ndirangu alikuja. Alifungua skrubu, akaegemeza kioo ukutani. Dirisha la zamani lilikuwa limevimba, akaligongagonga kwa kiganja mpaka likapanda, akalitegemeza kwa ubao. Hewa ikaingia na harufu ya majani mabichi. Ilikuwa asubuhi ya kesi nyingi. Viatu vilipita, watu wakaitana, mtu akacheka, mlango wa gari ukapigwa.

Bi Mahfudha alishtuka. Alishika mikono ya kiti.

"Nani hao?" aliuliza.

"Watu wako, mama. Wanakwenda mahakamani."

"Wanataka nini?"

Salme alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono, akamweleza pole pole habari ya kijana wa viatu vinavyolia, na ya yule mwanamke wa mguu na mtoto wake. Mama alisikiliza kama mtu anayesikiliza mambo ya nchi ya mbali. Chini ya dirisha mwanamume alipaza sauti, na Bi Mahfudha akajikunja, akaufunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Funga," alisema. "Wataingia. Funga, mwanangu."

Ndirangu alimtazama Salme. Salme akaitikia kwa kichwa. Dirisha likashushwa, kioo kikarudi mahali pake, na zile skrubu zikakazwa. Ndirangu alikataa chai, akasema ana kazi Beltsville.

Mwaka ule hakikuondolewa, wala mwaka uliofuata. Bi Mahfudha aliishi. Alikuwa akilishwa, akioshwa, akigeuzwa, na Salme, aliyekuwa akiwafanyia hivyo wazee wa Bowie mchana kutwa, alirudi nyumbani kumfanyia mama yake kwa mikono ile ile na maneno yale yale ya kazini. Siku nyingine alijisikia akimwita kwa jina la mzee mwingine.

Vuli ilipokaribia, Badawi alileta shauri. Chumba chao cha kulala nacho kilikuwa na baridi, na Ndirangu alikuwa tayari kuwawekea vioo vya ndani nyumba nzima, kidogo kidogo. Alimuuliza mkewe anaonaje. Salme alikuwa akikunja shuka za mama. Alifikiri kama kuna jambo lolote huko nje alilokuwa akilisikiliza, na hakuliona.

"Mwambie aje," alisema.