Olafu wa chini ya ukurasa

Mwaka 2011 katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hakukuwa na fundi aliyejua kufumua kaunjika, ile mitumba ya marobota, kama Mzee Akilimali wa Bukavu, Kongo. Koti moja la jitu la Ulaya likiingia mikononi mwake asubuhi, jioni linatoka sare mbili za shule na kofia ya shemasi, na kipande kinachobaki anamshonea jogoo wake shati. Wanaobisha habari ya jogoo hawakukaa Dzaleka.

Mzee huyo alikuwa baba yake Gentille, na Cirhuza, kijana wa kambi hiyohiyo, alitaka kumwoa Gentille. Kikwazo kilikuwa kazi.

"Mi nashona, bantu banavaa," mzee alimwambia. "We unasema unashona nguo ya blogu. Nani anavaa? Nionyeshe kwa macho, njo tuongee habari ya binti."

Na kweli hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Cirhuza. Alichukua mtandaoni michoro ya tovuti inayotolewa bure, akaikata: kichwa peke yake, mwili peke yake, mguu peke yake. Kisha aliiunga upya ili blogu iivae, na kila habari mpya ikiandikwa iingie yenyewe mahali pake. Blogu ya kwaya ya kanisa lao ilimlia miezi mitatu katika kafe ya intaneti pale Biwi, Lilongwe. Mchoro wake ulikuwa wa hoteli ya mbwa huko kwenye theluji. Cirhuza aliwatoa mbwa kumi na saba. Wa kumi na nane alijificha wiki mbili nzima, na kila ukibonyeza "Mazoezi ya Alto" anachungulia.

Siku mzee aliposhuka Lilongwe kutafuta zipu, Cirhuza akamwomba apite Biwi. Mzee akaketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani. Gentille, aliyemsindikiza baba yake, akasimama nyuma yake. Mzee akaisoma blogu taratibu kutoka juu kwenda chini, kama anayekagua upindo.

"Iko muzuri," akasema, na Cirhuza akaanza kupumua. "Iko muzuri kabisa. Sasa huyu Olafu njo nani?"

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa: *Mchoro: Olaf Brunvatne*.

Kanisani kwao kila benchi huandikwa mguuni jina la aliyelitoa. Kwa hiyo mzee hakuhitaji mkalimani: jina liko mguuni, mwenye kitu ni huyo.

"Papa Gentille, huyo alichora tu. Alitoa bure, sharti jina lake libaki."

"Kwa hiyo kazi ni yake."

"Kukata ni mimi, papa. Kuunga ni mimi."

"Na jina ni yake! Gentille, njoo uone bwana yako. Anaitwa Olafu. Uko nasikia? Iko na kanisa, huyu?"

"Papa, ule hata sombe ya majani ya muhogo hajui kula," Gentille akasema.

Cirhuza akavuta kiti, akashika kipanya. Akaufungua mchoro wa mwanzo, mbwa wote kumi na wanane wakarudi, akauweka ubavuni mwa kwaya.

"Papa, hii njo koti vile ilitoka kwenye robota. Na hii njo vile nilishona."

Mzee akatazama mbwa, akatazama kwaya, akarudi kwa mbwa. Kidole chake kikagusa kioo.

"Hapa kulikuwa nini?"

"Bei ya kulaza mbwa."

"Na mushono?"

"Nimeuficha ndani. Hauonekani."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, fundi kwa fundi. Halafu hasira ikampanda upya.

"Mujinga we! Kazi yote hii, na etiketi, ile lebo ya shingoni, haukutoa? Mi natoa etiketi mbele ya kufua! Toa Olafu, andika jina yako, Jumamosi ulete bajomba yako tuongee."

Kilikuwa kimstari kimoja tu cha kufuta. Olafu alikuwa mbali kwenye theluji yake, asingejua hadi kiama. Gentille alikuwa karibu, ananukia sabuni. Kidole cha Cirhuza kikafika kwenye kitufe, kikarudi.

"Siwezi, papa. Alinipa bure, na sharti moja tu. Nikivunja hiyo moja, we utaniachia binti na sharti zako zote?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Zangu ziko kumi na mbili," akasema.

"Gentille aliniambia kumi na ine."

Mzee akageuka kumtazama binti yake. Gentille alikuwa anahesabu mbao za dari.

"Lete bajomba Jumamosi," mzee akasema, akairudisha miwani puani na kuivuta kompyuta karibu. "Sasa nionyeshe kidogo ile etiketi inatokaka namna gani. Hatutoi. Nataka kuona tu."

Cirhuza akamshika mkono, kwa adabu zote, akauweka mbali na kitufe.