Miguu Mirefu ya Diodi

Jana mchana, shavu likiwa juu ya meza yangu ya ufundi na pasi ya kuchomea bado ina moto, ndoto ilinichukua bila kuniuliza. Niliota nimesimama juu ya bodi ya umeme niliyoitengeneza mwenyewe, nayo imekuwa pana kama uwanja wa mpira.

Ni bodi ya mashine ya kuangulia vifaranga ya dada yangu Atuganile. Mayai yakipoa, rilei, ile swichi inayojiendesha yenyewe, inashika na balbu zinawaka. Joto likitosha, rilei inaachia na balbu zinazima. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Wiki iliyopita rilei ilishika ikagoma kuachia, na mayai mia mbili na sitini yakaiva yakiwa yamebakiza siku mbili tu yaanguliwe. Nilimwambia dada, "Utakuwa umeshikashika vile vitufe." Akaamini, maskini, maana kwao mimi ndiye fundi.

Sasa natembea kwenye barabara ya shaba. Pembeni wamekaa wakazi wa bodi, wafupi wote.

"Habari za hapa?" nawauliza.

"Tumekatwa miguu," wananijibu.

Sikuona ajabu. Kipande cha umeme ukishakichomea kwenye bodi kwa risasi ya kuyeyusha, miguu inayozidi unaikata kwa koleo. Ndiyo kazi.

Mbele kidogo kuna msiba. Transista amelazwa chini, kafunikwa khanga, na wenzake wanapokezana kumlilia. Nikauliza amekufa kwa nini.

"Rilei akiachia, hurudisha umeme kwa kishindo," akasema bibi mmoja wa mistari ya kahawia na nyekundu. "Diodi hukaa mlangoni aupokee. Safari hii mlangoni hapakuwa na mtu, ukampata marehemu kifuani. Tangu hapo amekakamaa. Hawezi tena kumwambia rilei aachie."

"Diodi niliiweka," nikasema.

"Ta!" ikalia nyuma yangu. Nageuka, namwona Rilei mwenyewe, sanduku la buluu lenye kitambi, anaandika kwenye daftari.

"Usinijali," akasema. "Mimi nikisikia uongo nashika. Ndivyo nilivyoumbwa."

Juu yetu balbu zikawaka, na jasho likaanza kunitoka.

Mara hatupo msibani tena. Tupo ukingoni mwa beseni la ile dawa ya kahawia ninayotengenezea bodi, inayokula shaba. Karani mmoja wa hapo ananipa kalamu ya wino mzito. "Sheria unaijua," anasema. "Ulichokichora kinabaki, usichokichora kinaliwa. Jichore kisha uingie."

Mtu mwenye akili angechora mikono. Mimi nilijiandika kifuani kwa herufi kubwa: FUNDI AMBAKISYE. Wino uliobaki nikaupaka mdomoni, nikaingia. Dawa ikala viatu, ikala miguu, ikala mikono iliyonilisha miaka yote hii. Haikuuma hata kidogo. Karani akanivua kwa kijiti, akanikagua mbele na nyuma.

"Jina na mdomo," akaandika. "Mpelekeni mahakamani."

Mahakama iko ndani ya mashine ya dada. Mayai yamejipanga kwenye trei zake, yametulia, yana adabu. Nikayaomba yanitetee.

"Tungependa, mjomba," likajibu moja la mbele, "lakini sisi tumeshaiva."

Dada Atuganile yumo humohumo, anayageuza moja moja kwa kiganja, asubuhi, mchana na jioni, kama alivyofanya siku zote kumi na tisa. Hajui kwamba yameiva. Mimi najua, na sisemi. Nilijichukia hapo, tena sana.

"Aingie shahidi," akasema Rilei.

Akaingia Diodi. Mwili wake mdogo kama punje ya mchele, mweusi, na mstari wa fedha kichwani, lakini miguu yake ilikuwa mirefu hivi kwamba ilibidi ainame mlangoni.

"Wenzangu wote wamekatwa," akasema. "Mimi tazameni miguu yangu. Hakuna tone la risasi. Siku ile nilikuwa wa mwisho kuchomewa, fundi akanitia mfukoni mwa shati la kijani, eti apige kwanza picha ya bodi airushe kwenye kundi la mafundi wenzake. Wakamsifia. Akawa anajibu sifa mpaka jioni. Nipo mfukoni tangu siku hiyo."

"Mwacheni mdogo wangu," dada akasema, bila kuacha kugeuza mayai. "Mkono wangu ndio mbaya."

Rilei akanigeukia. "Haya. Mdomo tumekuachia. Sema."

Nikafungua mdomo, na simu ikaita.

Niliamka shavu limechorwa alama za meza. Alikuwa dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Amba. Umelala mchana huu? Sikia, nisikusumbue. Ile bodi yako uliyokuja kuichukua, usihangaike nayo tena. Mashine nimeigeuza kabati la vyombo. Mimi mkono wangu una mkosi, mdogo wangu. Kesho naenda kuchimba viazi vya watu, kama zamani."

Nilikuwa nimevaa shati la kijani. Nikaingiza vidole mfukoni, taratibu, na kitu kikanichoma. Nikakitoa. Diodi, na miguu yake yote miwili, mirefu, imenyooka, kama ilivyotoka dukani.

"Amba? Unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Nilitaka tu uniambie ukweli, roho itulie. Maana nikifikiria, sikumbuki kabisa kushika kile kidude. Kama siyo mimi niambie, nitafute mayai mengine nianze upya. Ni mimi, eti?"

Niliitazama ile diodi kiganjani. Sentensi moja tu ilitosha, na mdomo nilikuwa nao.

"Ni wewe, dada," nikasema. "Siku nyingine uwe mwangalifu."

"Haya, asante, mdogo wangu," akasema, na kwa sauti nikajua anajifuta machozi.

Mezani, ile bodi, isiyo na waya wala betri, ikalia: ta.