Mwiko Ukutani

Ko, ko. Ko. Kabla ya adhana, Mama Hibo aligonga ukuta wa mbao kwa mpini wa mwiko, mbili halafu moja, na upande wa pili Ayuma akafumbua jicho moja.

Hapo ni kabla watu hawajaanza kumwita Ayuma Mheshimiwa Waziri, na kabla hata hawajamwita daktari. Alikuwa msichana wa shule katika vyumba vya kupanga vya mtaa wa Huruma, na mama yake, Nerima, alifanya zamu za usiku katika kiwanda cha biskuti. Mtu wa kumwamsha asome hakuwepo. Mama Hibo, jirani yao, aliyeamka kusali, na wakati wa Ramadhani kula daku, ndiye aliyesema, "Ukuta ni wetu sote. Nitagonga, nawe ujibu."

Mwanzoni Ayuma alilala na kijiko chini ya mto. Akigongewa alijibu, kisha akarudi usingizini kwa raha zake. Lakini kukoroma nako kulipita ukutani.

"Kumbe kijiko ndicho kinachosoma!" Mama Hibo akamcheka bombani. "Basi kuanzia kesho nitagonga kila siku namna yake, nawe urudishe vivyo hivyo. Ukikosea, nagonga tena mpaka upatie."

"Na sisi wa chumba cha tatu?" akalalamika Masinde, mchuuzi wa mitumba. "Hatulali?"

"Nawe usome."

Alfajiri moja ya Ramadhani mapigo yalikuja ovyo: moja, kimya kirefu, kisha mengi ya haraka haraka. Ayuma akajibu kwa kukisia, akangoja kusahihishwa. Ukuta ukanyamaza. Akagonga tena, vibaya makusudi. Kimya.

Usingizi ukamtoka wote. Akatoka mbio, akausukuma mlango wa Mama Hibo uliokuwa umerudishiwa tu. Mama Hibo alikuwa ameketi sakafuni, mwiko mkononi, anatetemeka, nguo imelowa jasho.

"Hibo, umerudi?" akamuuliza, akimwita kwa jina la bintiye aliyeolewa Garissa.

Ayuma alitaka kupiga kelele. Kisha akakumbuka. Mama Hibo alikuwa na ugonjwa wa sukari, na siku moja wakianika nguo alimwambia, "Ukiniona natetemeka na jasho linanitoka, ujue sukari imenishuka; nipe kitu kitamu kwanza. Kelele baadaye." Chai ya daku ilikuwa mezani. Akatia sukari nyingi, akamshika kidevu, akamnywesha kidogo kidogo.

"Meza, mama. Tena. Tena kidogo."

Ndipo akagonga kwa Masinde. Masinde hakulalamika. Alikuja miguu mitupu na koti zito kutoka kwenye furushi lake la kuuza, akamfunika mgonjwa.

Polepole macho ya Mama Hibo yakatulia. "Ayuma," akasema. "Mbona chai tamu hivi?"

Hapo ndipo Ayuma alipolia.

Kulipokucha walimpeleka zahanati. Jioni Ayuma alitoka shule akaingia moja kwa moja kwa Mama Hibo, akamkuta amekaa kitandani, anawatangazia majirani kwamba kesho anafunga kama kawaida.

"Hufungi," Ayuma akasema.

"Nani amesema?"

"Mimi. Na nesi. Na shehe pia, nimemuuliza mlangoni mwa msikiti."

"Umemwendea shehe na sare ya shule?"

"Ndiyo. Amesema mgonjwa asijitese."

Masinde akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Hibo akamtazama mtoto huyo, akaona hana mzaha hata kidogo. Akanyoosha mkono. Ayuma akamshika kifundo cha mkono kama alivyomwona nesi akifanya. Hakujua anahesabu nini, lakini alihesabu.

"Nimepona?"

"Bado kidogo. Kesho ule asubuhi."

"Haya, nitakula." Mama Hibo akafunga tende kwenye karatasi, akampa. "Mpelekee mama yako, amechoka. Na kesho, daktari, usinijibu ukutani tu. Njoo tena unitazame."