Pango la Mama Safari

Msusi waliyemwita Mama Safari alikuwa amesafiri sana, ila kwa ulimi. Miguu yake ilijua njia mbili tu: ya kwenda saluni na ya kurudi nyumbani. Wateja hawakulijua hilo. Walichojua wao ni kwamba ukikaa kwenye kiti chake cha dirishani, kichwa kinasukwa huku masikio yakivushwa bahari hadi kisiwa cha ng'ambo, kwenye pango lenye maji ya buluu ambamo, eti, aliogelea na marehemu mumewe siku za fungate. Marehemu naye hakanushi. Watu walifika hata na nywele zisizohitaji kusukwa, wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, ili wasikie tu.

Jirani yake wa kiti, mpaka rangi wa kucha aliyeitwa Bi Kucha, alikuwa na vidole viwili vitatu vya kuchezea kutwa nzima, na hata wenye vidole hivyo walimpa mgongo wakimsikiliza mwenzake. Siku moja saluni imejaa, akasema:

"Shoga, sisi wenzako tumechoka kusafiri kwa masikio. Boti ipo, Jumapili tunafunga. Tupeleke."

Wateja wakapiga makofi. Mama Safari akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.

"Tena mmechelewa kusema!" akajibu. Ukitaka kumjua mwongo aliyebanwa, mtazame anavyokubali upesi.

Walikwenda watatu: hao wawili na Fundi, mshona nguo wa chumba cha pili, mwanamke mnene wa mwili na wa vicheko, rafiki wa kila mtu kwa sababu hakuweza kuvumilia jambo litokee yeye hayupo.

Sasa tazama akili za watu wa saluni. Kesho unakwenda baharini. Mwenye akili timamu angejifunga kitambaa yakaisha. Wao walishinda Jumamosi nzima wakinyooshana nywele kwa moto na kuzikunja mikunjo ya bibi harusi, maana waliona aibu kushuka ugenini kama watu waliokosa msusi. Wimbi la kwanza lilipoirukia boti, wote watatu walichomoa mifuko ya plastiki, wakaivaa kichwani na kuikaza masikioni. Wakavuka hivyo, kama mikate mitatu inayopelekwa dukani.

Gatini wakapokewa na mtembeza wageni, mwanamume wa makamo mwenye kofia kubwa.

"Karibuni, dada zangu. Tuanze na matumbawe? Samaki wa kila rangi, na maji yanafika kiunoni tu."

"Mawimbi yapo?" Bi Kucha akauliza.

"Ni bahari, dada. Yapo."

"Tupitishe kwingine."

"Basi msituni, kwenye maporomoko. Ila pale kuna manyunyu kidogo."

Wakamtazama kana kwamba amewatukania mama zao. Yule bwana akavua kofia, akajikuna.

"Sasa dada zangu, kisiwani mmefuata nini?"

"Pango," Bi Kucha akasema, sauti imelainika kama siagi juani. "Pango la maji ya buluu. Huyu mwenzetu analijua kama jiko lake. Sisi tutasimama mlangoni tu."

"Ni zamani, jamani," Mama Safari akadakia. "Huenda limeziba."

"Pango?" yule bwana akashangaa. "Mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu alitembeza wageni hapa hapa. Hakuna pango la maji. Kuna shimo la popo nyuma ya ghala, mkitaka, ila linanuka."

Fundi alicheka mpaka mfuko ukamtoka kichwani. "Mungu wangu! Kumbe fungate ilikuwa kwa popo!"

Bi Kucha hakucheka. Alitabasamu tu, polepole, kama paka aliyesikia mfuniko wa chungu ukigongwa. "Mimi ziara yangu imekwisha," akasema. "Kesho nina la kusimulia."

Saa zilizobaki walizimaliza kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria boti, chini ya paa la bati, wakitafuna biskuti na kupeana zamu ya kioo cha mkononi. Bahari ilikuwa pale mbele yao, nao wakaipa mgongo kwa sababu ya upepo.

Botini wakirudi nyumbani, Mama Safari alimsogelea Bi Kucha, mfuko wa plastiki ukimpigia kelele masikioni.

"Shoga, nakuomba. Kusuka, kila mtaa una wasusi kumi wanaonishinda. Watu wanakuja kwangu kwa lile pango. Ukilivunja, kesho nitakaa na viti vitupu."

Bi Kucha akatazama kucha zake.

Kesho yake saluni ilifurika hadi barazani. "Haya, tupeni habari za safari!" wateja wakadai. Bi Kucha akasimama. Mama Safari, kitana mkononi na kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akafumba macho.

Bi Kucha akazitazama zile nyuso. Tangu ashike brashi ya rangi hajawahi kutazamwa na macho mengi namna hiyo. Sasa awape nini? Benchi? Biskuti? Kumwumbua mwenzake kungekwisha kwa pumzi moja, halafu angeulizwa, "Na ninyi mkaona nini?"

"Jamani," akaanza. "Huyu alikuwa anatupunja. Alituambia maji ni ya buluu. Hakutuambia kwamba yanaimba."

"Yanaimba!" kundi zima likaguna.

"Mimi nililia," Fundi akaunga mkono, na kusema kweli macho yalimlenga machozi.

Mama Safari akafumbua macho, moyo umetua. Akashusha pumzi. Kisha akasikia ndoo zikiburuzwa sakafuni, moja baada ya nyingine, kutoka dirishani kwake hadi kwa Bi Kucha. Hata yule mteja wake akainuka na nusu kichwa chake, akahamia huko.

"Mimi ndiye niliyewaonyesha njia," Mama Safari akasema kwa sauti.

Mteja akageuza shingo kidogo. "Kumbe na wewe ulikuwepo? Haya nyamaza basi, mama, tumsikilize mwenzako."