Jiko Jepesi Kuliko Yai

Fundi cherehani alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliikubali kwa shingo upande: akishika jambo haliachii mpaka limchoke lenyewe. Alishawahi kushika redio mbovu, akashika saa za ukutani, akashika bomba la jirani ambalo hata halikuwa limeharibika. Safari hii alishika makopo ya soda.

Chanzo kilikuwa Kitinda, binti yao wa mwisho, aliyejiunga na kundi la watu wazima wenye akili timamu wanaoacha vitanda vyao nyumbani na kwenda kulala juu ya mawe kwa hiari yao. Wenyewe wanaita mapumziko. Siku moja alirudi kutoka mlimani akiwa na mabega yaliyochubuka, akautupa mkoba sebuleni.

"Baba, hili jiko la gesi na mtungi wake litaniua. Nimebeba chuma siku nzima ili nije ninywe kikombe cha chai!"

Baba aliunyanyua mtungi, akaupima mkononi kama mtu anayenunua nyama, akacheka.

"Niachie mimi," alisema.

Mkewe alipolisikia neno hilo alishika kiuno, maana alijua nyumba imeshapata mgeni.

Fundi alikuwa ameona kwenye simu watu wakipikia majiko ya makopo, yanayowaka kwa spiriti. Alikata vitako vya makopo mawili, akavichomeka kimoja ndani ya kingine, katikati akaweka ukuta wa bati laini. Pembeni alitoboa vitundu kwa sindano ya cherehani, ile nene ya kushonea turubai. Jiko la kwanza lilitoa moto wa njano na masizi. La pili lilifumuka mahali alipotia gundi. Yaliyofuata hayana hata hadithi, yaliishia kwenye ndoo ya taka, na mkewe akawa anawaambia wageni kwamba mumewe hanywi soda, anazichinja.

Majaribio yote aliyafanya ndani ya stoo. Stoo ile haikuwa na dirisha, na aliichagua kwa sababu hiyohiyo, kwani upepo ni adui wa majiko haya. Ukipita hata kidogo moto unalala na maji hayachemki. Alikuwa akifunga mlango, anazima taa ili auone moto vizuri, anachuchumaa mbele ya sufuria yake ndogo. Siku alipopatia, vitundu vyote viliwaka kwa pamoja. Ndimi ndogo za buluu zilizunguka sufuria, zimepangana sawasawa kama mshono wa pindo. Maji yalichemka kabla magoti yake hayajaanza kulalamika.

"Mama, njoo uone!"

Mkewe alikuja, akaingiza kichwa gizani, na akashindwa kuficha tabasamu.

"Ni zuri," alikiri. "Sasa nirudishie stoo yangu. Unga umelala sebuleni wiki nzima."

Fundi alilipeleka jiko jikoni, akaliweka kwenye mizani ya mkewe, kisha akaweka yai. Yai lilikuwa zito zaidi. Aliwaonyesha Kitinda na mama yake, akarudia tena kumwonyesha mkewe, ambaye alikuwa ameshaona.

Asubuhi ya safari, gari la wenzake Kitinda lilikuwa linapiga honi nje, naye anafunga kamba za viatu kwa haraka.

"Baba, nitajuaje kama jiko limezima?"

"Nalo hilo ni swali?" Fundi alicheka. Alikuwa amejaa furaha mpaka shingoni. "Ukiona hakuna moto, limezima. Mimina spiriti nyingine, washa, mambo yaendelee."

Akauchukua mkoba wa bintiye, jiko likiwa ndani, kwa vidole viwili, kwa maringo, akampelekea hadi garini.

Siku ya pili yake mkewe alikuwa ameshakomboa stoo na kuijaza magunia. Fundi, ambaye alibaki na pacha wa jiko lile na hamu ya kulipunguza uzito zaidi, ikabidi atoke nalo uani. Lilikuwa jua la adhuhuri, hakuna upepo, nguo zimetulia kwenye kamba. Alimimina spiriti, akawasha, akateleka sufuria, akachuchumaa. Baada ya muda aliinama kutazama. Hakuona kitu. Akainama upande mwingine, akakunja macho. Vitundu vilikuwa vitupu na bati linang'aa.

"Limezima," alijisemea. Akaondoa sufuria, akafungua chupa, akamimina.

Moto ulipanda na mkondo wa spiriti mpaka mkononi mwake, na hata hapo hakuuona, aliusikia tu. Akaitupa chupa. Mkono wa shati ulianza kusinyaa na kuwa mweusi bila moto wowote juu yake, jambo ambalo lilimtisha kuliko maumivu yenyewe. Alipiga ukelele. Mkewe alichomoa shuka bichi kwenye beseni, akamfunika nalo mkono, akamkandamiza ukutani mpaka mvuke ukaisha.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Lilikuwa limezima," alisema fundi. "Nimeangalia. Halikuwa na moto."

Mkewe aliutazama mkono uliovimba, akalitazama jiko. Alichukua kijiti kikavu akakisogeza juu ya vitundu vile vitupu, na kijiti kikafuka moshi. Moto ulikuwepo muda wote, ila mwanga mkali wa jua ulikuwa umeuficha. Fundi akakaa chini palepale penye maji.

"Nilimwambia akiona hakuna moto amimine," alisema. "Mama, mimi ndiye niliyemwambia."

Hakukubali kupelekwa hospitali. Mkewe alimmiminia maji ya bomba kwenye mkono, na yeye kwa mkono mwingine akapiga simu. Haipatikani. Akatuma ujumbe, akatuma mwingine, akaandika kwa herufi kubwa. Kila ujumbe ulitoka na hakuna uliofika. Mkewe alitafuta namba ya geti la hifadhi, akapiga, akampa.

"Mzee, nakuelewa kabisa," alisema mlinzi wa getini, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema, ndiyo maana fundi alishindwa hata kumgombeza. "Lakini wale wameshapanda. Mimi niko peke yangu hapa, siwezi kuacha geti."

"Huna redio?"

"Redio ya kule juu ni mbovu. Kesho kuna wapagazi wanapanda, nitawaagiza. Huko mtandao unashika sehemu moja tu, juu kwenye mgongo wa mlima, tena kwa kubahatisha. Leo mchana wanapumzika hapohapo."

"Wanapumzika kufanya nini?"

"Kupika chakula cha mchana, mzee."

Fundi alimshukuru. Sijui alimshukuru kwa lipi, lakini ndivyo tulivyolelewa, tunashukuru hata tukinyimwa. Akatoka kuangalia mbingu kama kuna wingu. Hapakuwa na wingu hata la dawa.

Simu iliita wakiwa wawili mezani wakiitazama. Namba ilikuwa ngeni. Mkewe alibonyeza spika.

"Baba? Mama? Haloo?"

"Kitinda! Usimimine!" Fundi alipaza sauti mpaka ikakwaruza. "Mwanangu, usiongeze spiriti!"

"Haloo? Inaonyesha imeshika lakini siwasikii."

"Usiguse chupa!" mama naye akapiga kelele. "Wewe mtoto, unatusikia?"

"Basi, nitaongea tu, labda nyie mnanisikia. Yangu imeisha chaji, hii ni ya mwenzangu, nayo iko mwishoni. Tumefika juu! Jua kali, huwezi kuamini, na hakuna upepo kabisa." Akacheka. "Baba, jiko lako limekuwa gumzo. Kila mtu anataka lake. Nimewaambia baba yangu ndiye kalibuni, nimejidai weee."

"Nisikilize," alisema baba. "Kitinda, nisikilize."

"Mchana ndiyo linasumbua kidogo, linazimazima. Ila tunafanya kama ulivyosema. Jana niliongeza likawaka lenyewe hata sijawasha kiberiti, tukashangaa."

Mama aliinamia simu, mdomo karibu unagusa kioo, akawa anamwita bintiye kwa jina la utotoni ambalo hakuwa amelitumia tangu aanze shule. Upande wa pili zilisikika sauti za vijana, mtu anaimba, sufuria inagongwa.

"Eh, limezima tena," alisema Kitinda, na sauti yake ikasogea mbali kidogo na simu. "Hebu nipe hiyo chupa. Siyo hiyo, ile iliyojaa."

Simu ikakatika.

Mke akapiga namba ile ngeni, akapiga tena. Haipatikani. Mwishowe akaiweka simu mezani, akamshika mumewe begani. Fundi hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya kioo kilichozima, na alikuwa bado anazungumza, sasa kwa sauti ya chini na ya upole, kama anavyofundisha mtu kutunga uzi.

"Usiangalie kwa macho, mwanangu. Weka mkono juu kwanza, mbali kidogo, usikie joto. Subiri. Kama kuna joto bado linawaka. Funika na sufuria, kaa pembeni, subiri lipoe. Usiwe na haraka. Subiri lipoe kwanza."